Wati za Boksi na Mwanga wa Kweli: Jinsi ya Kupima Taa ya LED kwa Mita ya Nyumbani Kwako

Boksi limeandikwa wati 15. Balbu ikifungwa sebuleni, mwanga wake haufiki ule wa balbu ya wati 9 iliyoungua jana. Wakazi wengi wa Kwale, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni, Lunga Lunga na Kinango, wamewahi kukutana na jambo hili. Wengine hulilaumu shirika la umeme wakidhani stima ni ndogo. Wengine hununua balbu nyingine ya aina ile ile, na miezi michache baadaye hurudi dukani tena.

Mara nyingi kasoro haiko kwenye nyaya. Iko kwenye maandishi ya boksi. Soko la taa za LED lina bidhaa nzuri sana na lina bidhaa ambazo namba zake hazina uhusiano na kilichomo ndani. Mnunuzi asiyejua kutofautisha hizo mbili hulipa mara tatu: bei ya dukani, tokeni za kila mwezi, na bei ya balbu ya kuziba pengo la ile iliyokufa mapema.

Habari njema ni kwamba ukweli wa taa unaweza kupimwa nyumbani, bila maabara, kwa kutumia mita ya stima, saa ya simu, mpini wa ufagio na ukuta mweupe.

Wati si mwanga

Kwa miaka mingi watu walinunua balbu kwa wati. Balbu ya zamani yenye waya mwembamba ndani ilikuwa na tabia moja: ukijua wati zake, umejua mwanga wake. Ya wati 40 ilikuwa hafifu, ya wati 60 ya kawaida, ya wati 100 kali. Ndiyo maana hadi leo mteja huingia dukani akiuliza, "Hii ni ya wati ngapi?"

Wati hupima umeme unaoingia kwenye taa. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kati ya lumeni 700 na 800 hivi, yaani lumeni 12 au 13 kwa kila wati. Umeme mwingine wote uligeuka joto, na ndiyo sababu balbu ile ilichoma vidole. Balbu za kuokoa umeme zenye bomba lililojipinda, ambazo Kenya Power iligawa zaidi ya milioni moja mwaka 2010, zilifika lumeni 50 hadi 60 kwa wati. Balbu ya kawaida ya LED iliyo nzuri leo hutoa kati ya lumeni 80 na 120 kwa kila wati.

Kwa hiyo ufanisi wa taa ni hesabu ya kugawanya. Chukua lumeni zilizoandikwa kwenye boksi, gawanya kwa wati. Boksi likisema wati 9 na lumeni 810, jibu ni 90. Hiyo ni taa inayoaminika. Boksi likisema wati 5 na lumeni 2,000, jibu ni 400, na hakuna taa nyeupe duniani inayofika hapo. Boksi lisilotaja lumeni kabisa, likajaza herufi kubwa za wati peke yake, limeficha namba ambayo mnunuzi anaihitaji zaidi.

Pia soma kwa makini maneno "sawa na wati 60". Hayo hayasemi taa inatumia wati 60. Yanasema mwanga wake unalinganishwa na balbu ya zamani ya wati 60. Balbu kama hiyo inapaswa kutoa lumeni 700 au zaidi. Ikitoa 400, ulinganisho ni wa uongo.

Shilingi zinapotelea wapi

Tuseme, kwa mfano, yuniti moja ya umeme inagharimu shilingi 30 baada ya kodi na tozo. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku hutumia yuniti 1.35 kwa mwezi, takriban shilingi 40. Balbu ya zamani ya wati 60 kwa muda huo huo hutumia yuniti 9, yaani shilingi 270.

Kwa chumba kimoja, tofauti kati ya LED nzuri na LED duni ni ndogo. Kwa msikiti, kanisa, shule ya bweni, nyumba ya wageni au duka lenye taa nyingi, mambo hubadilika. Taa 20 za wati 9 zikiwaka saa 12 kila usiku hutumia karibu yuniti 65 kwa mwezi, shilingi 1,944. Kama taa ni duni kiasi kwamba zinahitajika za wati 15 ili kupata mwanga ule ule, matumizi hupanda hadi yuniti 108, shilingi 3,240. Tofauti kwa mwaka ni zaidi ya shilingi 15,500, na hapo bado hazijahesabiwa balbu zilizokufa.

Kuna udanganyifu wa upande wa pili pia, na huenda ndio unaopatikana zaidi: boksi limeandikwa wati 15, lakini balbu inavuta 7 tu. Bili haipandi, kwa hiyo mnunuzi hagundui. Hata hivyo amelipia mwanga asioupata, na mtoto anasomea kwenye nusu ya mwanga aliokusudiwa.

Kipimo cha kwanza: mita ya stima

Mita nyingi za tokeni zina kataa kadogo kekundu kanakopepesa. Kila mpepeso ni kiasi maalumu cha umeme kilichopita. Karibu na kataa hako huandikwa namba kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba yuniti moja ikiisha, taa imepepesa mara 1,000 au mara 1,600.

Fanya hivi:

1. Jioni, zima kila kitu ndani ya nyumba. Chomoa friji, televisheni na chaja za simu. Subiri uone kataa kamesimama kupepesa. Kakiendelea, kuna kifaa bado kinavuta umeme, au kuna hitilafu ya nyaya inayohitaji fundi.

2. Washa balbu tano za aina moja kwa pamoja. Balbu moja huwa mzigo mdogo mno, na mita inaweza isiihisi vizuri.

3. Kwa saa ya simu, pima sekunde kutoka mpepeso mmoja hadi unaofuata. Rudia mara nne au tano kisha chukua wastani.

4. Kama mita ni ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde hizo. Kama ni ya 1600, gawanya 2,250 kwa sekunde. Jibu ni wati za balbu zote tano. Gawanya kwa tano.

Balbu tano za wati 9 za kweli ni wati 45. Kwenye mita ya 1000, mpepeso utakuja kila baada ya sekunde 80. Kwenye mita ya 1600, kila baada ya sekunde 50. Ukikuta sekunde 120 kwenye mita ya 1000, balbu zote tano zinatumia wati 30, yaani kila moja ni ya wati 6, hata kama boksi linasema 9.

Nyumba ambazo mita yake iko juu ya nguzo zisijaribu kupanda. Kwao njia salama ni kipimo kidogo cha wati kinachochomekwa kwenye soketi, ambacho mafundi wengi wa umeme wanacho. Yeyote asifungue mita wala kugusa nyaya zake. Kuhesabu mipepeso hufanywa kwa macho tu.

Kipimo cha pili: vivuli viwili

Mita imeeleza umeme ulioingia. Mwanga uliotoka unapimwa kwa njia ambayo mwanasayansi Benjamin Thompson, aliyejulikana kama Count Rumford, aliitumia zaidi ya miaka 200 iliyopita. Inahitaji chumba chenye giza, ukuta mweupe na mpini wa ufagio. Walimu wa sayansi wanaweza kuifanya darasani.

Simamisha mpini karibu na ukuta, kiasi cha upana wa kiganja. Weka balbu mbili za umbo moja kwa kimo kimoja, moja upande wa kulia na nyingine upande wa kushoto, zote zikielekea ukutani. Moja iwe balbu unayoiamini, yenye alama ya ubora na lumeni zilizoandikwa wazi. Nyingine iwe ile unayoichunguza. Ukutani vitatokea vivuli viwili, kila balbu na kivuli chake.

Balbu yenye mwanga mkali zaidi hutupa kivuli cheusi zaidi. Iache balbu unayoiamini mahali pake, tuseme sentimita 100 kutoka ukutani. Sogeza ile nyingine mbele au nyuma hadi vivuli vilingane weusi. Kisha pima umbali wake.

Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili, unapata robo. Kwa hiyo gawanya umbali wa balbu mpya kwa umbali wa balbu ya kulinganishia, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Vivuli vikilingana balbu mpya ikiwa sentimita 120, hesabu ni 1.2 mara 1.2, yaani 1.44, inatoa mwanga karibu mara moja na nusu. Vikilingana ikiwa sentimita 80, hesabu ni 0.8 mara 0.8, yaani 0.64. Kama balbu ya kulinganishia ni ya lumeni 800, hiyo mpya inatoa takriban 510 tu, boksi liseme litakavyo.

Kipimo hiki hakina usahihi wa maabara, na hufanya kazi vizuri zaidi balbu zote mbili zikiwa na rangi moja ya mwanga. Lakini kinatosha kabisa kumtenganisha mkweli na mwongo. Fanya kipimo mara mbili: balbu ikiwa imewashwa sasa hivi, na tena baada ya kuwaka nusu saa. Balbu isiyo na njia ya kupoza joto hufifia kadiri inavyopata moto.

Joto la Pwani na ahadi ya miaka

Maboksi mengi huahidi saa 25,000 au 50,000. Saa 25,000 kwa matumizi ya saa 5 kila usiku ni zaidi ya miaka 13. Ahadi hiyo kwa kawaida huhusu vijitaa vyenyewe vya LED, na huhesabiwa hadi mwanga unaposhuka kufikia asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kinachokufa kwanza, mara nyingi, ni kifaa kidogo ndani ya kitako kinachobadilisha umeme wa ukutani. Ndani yake kuna kipuri kinachochukia joto: kwa kanuni ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu.

Kwa Pwani hilo ni jambo la kila siku. Balbu iliyofungiwa ndani ya kioo kisichopitisha hewa, chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa, haiwezi kuishi kama iliyo wazi. Nyumba zilizo karibu na bahari zina adui wa pili, hewa ya chumvi, inayokula vyuma vya holda na viungo vya nyaya. Kwa taa za nje, angalia kama boksi lina alama ya IP65 au zaidi, inayoonyesha kwamba vumbi na maji ya kurushwa havipenyi.

Mwanga usiofika mahali pake pia ni hasara. Taa ya nje inayomulika mawingu inapoteza umeme hata kama ni bora. Kwenye fukwe za Diani kuna gharama nyingine: vifaranga vya kasa wakitoka kwenye mayai usiku hufuata upande wenye mwanga, na taa kali za majengo huwavuta kuelekea nchi kavu badala ya baharini. Taa ya rangi ya manjano iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini huokoa umeme na huwaacha kasa wafike kwao.

Taa za sola: paneli haisemi uongo

Katika vijiji ambavyo nyaya za stima hazijafika, uamuzi ni mgumu zaidi kwa sababu pesa hutoka kwa mkupuo. Kwale ni mojawapo ya kaunti 14 zilizowekwa kwenye mradi wa kitaifa wa KOSAP wa kupeleka umeme wa sola kwenye maeneo yaliyo mbali na gridi. Nje ya miradi kama huo, familia nyingi hujinunulia taa zenyewe, na hapo ndipo maandishi ya "wati 300" au "wati 500" huwapofusha wengi.

Dawa yake ni rula. Jua kali la adhuhuri hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri hugeuza kama sehemu ya tano yake kuwa umeme, yaani wati 200 kwa mita ya mraba. Paneli ya taa ya ukutani yenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 35 ni kama sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Haiwezi kutoa zaidi ya wati 20 hivi, hata jua liwe kali namna gani.

Endelea na hesabu. Siku ya kawaida Pwani huwa na jua la kutosha sawa na saa 5 kamili za jua kali. Wakati wa masika hupungua. Wati 20 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Ondoa kinachopotea kwenye betri na nyaya, zinabaki kama 70. Zigawe kwa saa 12 za usiku: ni chini ya wati 6. Taa iliyoandikwa "300" kwa kweli ni ya wati 6 ukitaka iwake hadi alfajiri. Mwanga wake ni wa kiasi cha balbu moja ya kawaida ya chumbani. Inaweza kuwaka kwa ukali zaidi jioni, lakini itazima kabla ya adhana ya alfajiri, saa ambazo ulinzi unahitajika.

Betri nayo ihesabiwe. Zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya volti 3.2 na ampea-saa 10 ina wati-saa 32. Italisha taa ya wati 3 kwa saa 10 hivi ikiwa mpya. Kwa taa ndogo za sola, tafuta zilizopimwa chini ya mpango wa VeraSol, uliorithi kazi ya upimaji iliyoanzishwa na Lighting Africa. Mpango huo huangalia, miongoni mwa mengine, kama maandishi ya boksi yanalingana na kifaa. Na anayefunga mfumo wa sola wa nyumba anatakiwa kisheria kuwa na leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe.

Taa za kukuzia mimea

Katika siku za karibuni taa za LED za kukuzia mboga na miche zinauzwa sana mitandaoni. Hapa lumeni hazisaidii, kwa sababu hupima mwanga kwa jicho la binadamu. Mmea huhesabu chembe za mwanga unazozipata. Taa za aina hii hupimwa kwa maikromoli kwa juli: nzuri hufika 2.5 au zaidi. Si ajabu kukuta taa iliyoandikwa wati 1000 ambayo kwa mita inavuta wati 100. Muuzaji asiyeweza kutaja wati halisi na kipimo hicho hana cha kuuza.

Hata iliyo nzuri ipimwe dhidi ya mshindani wake, jua. Taa ya wati 100 yenye 2.5 hutoa maikromoli 250 kwa sekunde. Jua la adhuhuri huangusha takriban 2,000 kwenye kila mita ya mraba, bure. Taa hiyo ikiwaka saa 12 kwa siku humaliza yuniti 36 kwa mwezi. Kwa shilingi 30, ni shilingi 1,080 kwa eneo lisilozidi meza moja. Taa kama hizo zina mahali pake: kwenye maabara za kuzalisha miche ndani ya chupa, au kwenye mashamba makubwa ya maua yanayorefusha mchana ili maua yachanue kwa wakati. Mkulima wa sukuma wiki au pilipili wa Matuga au Kikoneni atafaidika zaidi akiweka fedha hizo kwenye wavu wa kivuli, maji na mbegu bora.

Kabla ya kutoa pesa

Uliza lumeni. Gawanya kwa wati. Tafuta alama ya ubora ya KEBS, au stika ya ISM kwa bidhaa za kutoka nje. Namba ya kibali iliyo chini ya alama ya ubora unaweza kuihakiki kwa kutuma ujumbe mfupi unaoanza na SM# kwenda 20023. Mwombe muuzaji aiwashe balbu mbele yako. Omba risiti yenye jina la bidhaa, tarehe na muda wa dhamana, na uhifadhi boksi. Mnunuzi wa taa nyingi, kama kamati ya msikiti au shule, anunue mbili kwanza, azipime kwa wiki moja, ndipo aagize zilizobaki.

Sheria iko upande wa mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuzitumia vyema. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inakataza kueleza bidhaa kwa uongo. Sheria ya Maelezo ya Bidhaa, Sura ya 505, inafanya kuwa kosa kubandika maelezo ya uongo kwenye bidhaa inayouzwa, na maafisa wa vipimo na mizani ndio wanaoisimamia. Anayelalamika afike na risiti, boksi, balbu yenyewe na karatasi yenye vipimo vyake: sekunde za mita na sentimita za vivuli. Muuzaji mwaminifu naye anafaidika, kwani mara nyingi hata yeye ameuziwa mzigo huo na msambazaji bila kuupima.

Balbu tano, mita moja na dakika kumi za giza zinatosha kuanza. Jioni ya leo kataa kekundu ukutani kanaweza kusema kile ambacho boksi limenyamazia.